Ukitaka Paka au Punda Wako Achorwe, Uliza Haya Kabla ya Kutoa Arbuni

Simu zetu zimejaa picha za paka. Paka juu ya baraza, paka ndani ya kikapu cha samaki, paka amelala juu ya mswala kama kwamba yeye ndiye imamu. Lakini kuna watu ambao picha ya simu haiwatoshi. Wanataka mchoro uliofanywa kwa mkono, wa kutundikwa ukutani au kuwekwa sandukuni, wa mnyama ambaye wameishi naye miaka. Ukikaa Lamu, Mombasa, Malindi au Kilifi, utasikia swali hili likiulizwa: ni nani mchoraji mzuri wa wanyama, na nitajuaje kwamba hataniibia pesa yangu?

Swali lina uzito kuliko linavyosikika. Mama mmoja mtaani kwetu alifiwa na paka aliyekaa naye miaka 12. Wanawe wakachanga, wakampata mtu mtandaoni, wakamtumia picha na pesa yote kwa simu. Kilichorudi ni ile ile picha waliyoituma, imechapishwa juu ya kitambaa na kupakwa gundi inayong'aa ili ionekane kama rangi. Pesa haikurudi. Mama hakusema kitu, ila kile kitambaa hakijapata kutundikwa mpaka leo. Kwa hivyo makala haya ni kwa wale wanaofikiria kuagiza, na pia kwa vijana wetu wachoraji wanaotaka kuaminiwa.

Kwanza tulimalize swali la dini

Najua wapo watakaosoma kichwa cha habari na kusema, "Wewe mwandishi, hujui kwamba kuchora kiumbe chenye roho kuna maneno?" Najua. Na ni bora tuyazungumze mapema kuliko baba na mama kugombana mchoro ukishafika nyumbani.

Mapenzi ya paka katika nyumba ya Kiislamu hayana ubishi. Imepokewa kwamba Swahaba Abu Qatada aliinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, na mwanamke aliyekuwa akimtilia maji alipostaajabu, akamwambia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema paka si najisi, ni katika wanaotuzungukia majumbani. Kwa upande wa pili, hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka bila kumlisha mpaka akafa inajulikana na kila mtoto wa chuo.

Mchoro ni jambo jingine. Katika Bukhari na Muslim kuna hadithi kali kuhusu wachoraji wa picha, na kwamba malaika hawaingii nyumba yenye picha. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa pwani, wametilia nguvu makatazo hayo. Imam Nawawi katika sherehe yake ya Sahih Muslim ameeleza kwamba kuchora chenye roho ni haramu, kiwe kina kivuli kama sanamu au hakina. Wanavyuoni wengi wa Kimaliki wamelegeza katika mchoro usio na kivuli, wakasema ni karaha. Katika zama zetu wako waliojuzisha picha za bapa ikiwa hazitukuzwi wala hazina uchafu ndani yake, na hushika riwaya inayobagua nakshi iliyo kwenye kitambaa. Picha ya kamera nayo wengi wameitofautisha na mchoro wa mkono, kwa kuwa inanasa kivuli cha kilichopo.

Mimi ni mwandishi wa safu, si mufti. Ninachosema ni hiki: muulize sheikh unayemwamini kabla ya kutoa pesa, si baada. Na uwaulize wenzako wa nyumbani. Mchoro wa shilingi elfu kadhaa unaoishia uvunguni kwa sababu mama mkwe hataki kuswali chumba kile ni hasara ya pesa na ya amani.

Kwa anayeshika kauli ya kukataza, mlango haujafungwa. Ibn Abbas alimshauri mchoraji aliyemjia kwamba kama hana budi kuchora, basi achore miti na visivyo na roho. Kuna wachoraji wanaoweza kukuchorea baraza ambalo paka wako alikuwa akilala, na sahani yake pembeni na jua la asubuhi likipiga ukutani. Kuna anayeweza kuchora shogi la punda wako limetundikwa, kamba yake na nakshi zake, bila punda mwenyewe. Au ukaandikiwa jina lake kwa khati nzuri. Nimewahi kuona mchoro wa kizingiti kitupu uliomliza mwenyewe kuliko uso wowote ungemliza.

Ukiisha kutulia katika hilo, ndipo tuendelee.

Unataka afanane, au unataka uzuri tu?

Hili ndilo swali ambalo wengi hawajiulizi, na ndilo linaloleta ugomvi mwisho. Mchoro wa mnyama una njia nyingi, na kila mchoraji ana njia yake.

Chukua Tingatinga. Mtindo huu unaitwa kwa jina la mwanzilishi wake, Edward Said Tingatinga, aliyefanya kazi Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki mwaka 1972. Alitumia vibao vya hadibodi na rangi za kung'aa za baiskeli, akachora chui, ndege na twiga kwa mistari ya wazi na rangi kali. Wafuasi wake wapo mpaka leo, na kazi za mtindo huo huuzwa kote ukanda wetu wa pwani. Ni kazi ya furaha. Lakini ukimpeleka paka wako kwa mchoraji wa Tingatinga, utapata paka wa Tingatinga. Hatakuwa na kovu la sikio la kushoto, wala lile doa jeupe la kidevuni. Ukilalamika, utakuwa umemwonea.

Vivyo hivyo kwa wachoraji wa matatu. Mombasa ina vijana hodari wa kupuliza rangi, na uso wa mchezaji mpira kwenye ubavu wa gari wanaufanya ukatambulika kutoka ng'ambo ya barabara. Mkono wao umezoea kazi kubwa inayotazamwa kwa mbali. Mchoro mdogo wa kutazamwa kwa karibu ni kazi nyingine. Wapo wanaoweza yote mawili, lakini usichukulie tu, omba uonyeshwe.

Na mchora mabango ya maduka, ambaye herufi zake zimenyooka kama rula, huenda hajawahi kuchora mnyama aliye hai hata siku moja.

Kwa hivyo kabla ya kumtafuta mtu, amua. Je, unataka jirani akiingia aseme, "Huyu si Kifaru wenu?" au unataka pambo zuri lenye paka ndani yake? Majibu yote mawili ni halali. Kila moja lina mchoraji wake.

Namna ya kutazama kazi zake

Mchoraji yeyote atakuonyesha kazi yake bora kuliko zote. Hiyo moja haitoshi. Mwombe akuonyeshe kazi 3 au 4 za mnyama wa aina ya wako, na kando ya kila kazi akuonyeshe picha aliyotumia. Hapo ndipo utajua kama anatazama au anakariri. Mchoraji anayekariri, paka zake zote zina sura moja. Utaona paka mweusi, paka wa madoa na paka wa rangi ya tangawizi, wote ni ndugu wa tumbo moja.

Anza na macho. Mboni ya paka huwa wima na nyembamba kwenye mwangaza mkali, na huwa duara penye kiza. Kama mchoro unaonyesha paka juani mchana na mboni zake ni duara kubwa, mchoraji hakutazama, au picha ilipigwa ndani kisha akabuni jua. Jicho la punda ni tofauti kabisa: mboni yake imelala ubavu. Ukimwona punda mwenye mboni ya duara kama ya binadamu, jua umechorewa kikatuni.

Kisha tazama manyoya. Mchoraji mzuri huyafuatisha upande yanakolala: puani ni mafupi na yanarudi juu, shavuni yanatanuka, kifuani yanashuka. Asiyejua huchora mistari mingi ya kuelekea upande mmoja, mnyama akawa kama ufagio wa makuti. Kwa paka mweusi kuna mtihani wake. Manyoya meusi chini ya mwangaza wa pwani si meusi tupu, yana buluu na kahawia ndani yake. Aliyepaka nyeusi ya mkebe peke yake atakupa kivuli chenye macho mawili.

Sisi wa pwani tuna mtihani mwingine wa kwetu. Wakazi wa Kilifi wanamjua paka wa msitu wa Arabuko-Sokoke, ambaye Wagiriama humwita kadzonzo, na ambaye tangu mwaka 1978 alipookotwa na kufugwa karibu na Watamu amejulikana ulimwenguni kwa jina la Sokoke. Ngozi yake ina mizunguko kama gome la mti, na kila unywele una mikanda ya rangi, mweusi na kahawia, kutoka shina hadi ncha. Ukiwa na paka wa namna hii, mwambie mchoraji akuchoree sehemu ndogo tu ya ubavu wake kwanza, ukubwa wa kiganja, hata kwa penseli. Ukiona mizunguko imekaa kama ya paka wako, endelea. Ukiona ametia mistari ya punda milia, mshukuru na umlipe kwa muda wake, kisha utafute mwingine.

Kwa ndugu zangu wa Lamu, maneno ya punda. Punda kwenu ndiye gari, ndiye tingatinga la mchanga na mawe, na mitaa ya mji mkongwe haina nafasi kwa kingine. Shirika la Donkey Sanctuary limekuwa likiwatibu huko tangu mwaka 1987, na mashindano ya punda ni katika shangwe za mji. Punda aliyekubebea mawe ya kujengea nyumba, akasomesha watoto wako, ana haki ya kukumbukwa vilivyo. Lakini vitabu vingi vya kujifunza kuchora vimejaa farasi, si punda. Matokeo yake vijana wengi humchora farasi wakamrefushia masikio. Tazama haya: nywele za shingo za punda ni fupi na zimesimama. Mkia wake ni kama wa ng'ombe, una kishada mwishoni tu. Mdomo wake mara nyingi ni mweupe, na macho yamezungukwa na weupe kama amevaa miwani. Punda wa rangi ya kijivu kwa kawaida ana mstari mweusi mgongoni unaokatwa na mwingine mabegani. Ukiviona vitu hivi katika kazi zake za nyuma, huyo amekaa na punda.

La mwisho katika kutazama: muulize kama atakubali kuja kumwona mnyama. Mchoraji aliye karibu na asiyetaka kuja hata kwa nusu saa ananipa shaka. Akija, angalia anafanya nini. Mzuri hukaa kitako, hunyamaza, humwacha mnyama azoee. Huchora vichoro vya haraka haraka vya mkao wake. Paka wako ana namna yake ya kukunja mkono, na hiyo kamera haiijui vizuri.

Picha unazompa ni nusu ya kazi

Kama mnyama yuko mbali, au amekufa, mchoraji atategemea picha. Hapa lawama nyingi ni za mteja. Mtu hutuma picha moja iliyopigwa usiku kwa flashi, macho yanawaka kijani kwa sababu jicho la paka lina utando unaorudisha mwangaza, kisha anategemea muujiza.

Kama mnyama bado yu hai, piga picha leo. Mweke karibu na dirisha au mlango asubuhi, mwangaza umpige upande mmoja. Zima flashi. Shuka mpaka kamera iwe sawa na macho yake. Ukimpiga kutoka juu, kichwa kitakuwa kikubwa na miguu itapotea. Piga ya mbele, ya pembeni, na moja ya mwili mzima. Piga alama zake za karibu: kovu, doa, ncha ya sikio. Kwa punda, mvue shogi upige bila mzigo, kisha mvike upige tena.

Zitume kama faili kamili. Ukituma kwa WhatsApp kama picha za kawaida, hubanwa na kupoteza ubora. Zitume kama hati. Na usichukue picha nzuri ya paka wa mtu mwingine mtandaoni ukamwambia mchoraji "mfanye wangu akae hivi" mpaka mchoro ukawa nakala. Picha ile ina mwenyewe.

Kama mnyama ameshakufa na una picha mbili mbovu tu, sema ukweli huo. Mchoraji mwaminifu atakwambia, "Mkao nitaukopa kwa paka mwingine, uso nitaujenga kutokana na hizi, na sitaahidi zaidi." Anayekwambia "usijali, itatoka sawasawa" bila kuziona picha ana haraka ya arbuni yako.

Rangi gani itaistahimili hewa yetu?

Mambo yanayoandikwa kuhusu michoro Ulaya hayakufikiria nyumba ya Pwani. Sisi tuna chumvi hewani, unyevu mwaka mzima, na masika ambayo hata viatu vya kabatini huota ukungu. Kwa hivyo muulize mchoraji anatumia nini na atakifanyia nini.

Rangi za mafuta hukauka kwa kuvuta hewa, si kwa kupigwa jua. Huweza kuguswa baada ya siku kadhaa au wiki mbili, lakini kukauka mpaka ndani huchukua miezi. Ndiyo maana kwa kawaida vanishi ya mwisho hungojewa miezi 6 hadi 12. Akikwambia amechora kwa mafuta jana na leo amepaka vanishi, muulize tena. Ni rangi nzuri na ya kudumu, lakini si ya mtu mwenye haraka ya Idi wiki ijayo.

Akriliki hukauka kwa maji kuondoka, mara nyingi ndani ya saa moja. Haitoi harufu kali, na kwa nyumba zetu ni chaguo la busara.

Rangi za maji, penseli na makaa huhitaji karatasi, na karatasi na unyevu hawapatani. Ukichagua hizi, basi lazima kuwe na kioo, na kioo kisiiguse karatasi; pawe na kadi au kipande cha kuitenga. Karatasi ikigusa kioo wakati wa masika, hunata na kuota madoa ya kahawia.

Uliza pia juu ya kupauka. Kwenye tyubu nyingi za rangi za wasanii kuna alama ya kustahimili mwangaza. Kipimo kinachotumika sana ni cha ASTM, ambapo I ni bora kabisa na V ni dhaifu. Rangi za wanafunzi ni nafuu na zina kazi yake, lakini waridi na zambarau za bei rahisi hupauka upesi. Paka wa rangi ya tangawizi akageuka wa uji.

Kanvasi ya pamba hunyonya unyevu na kulegea. Plaiwudi nzuri au hadibodi iliyopakwa rangi ya msingi mbele na nyuma hukaa vizuri, na kama tulivyoona, Tingatinga aliitumia hadibodi. Misumari ya fremu isiwe ya chuma cha kawaida, kwa sababu chumvi itaila na kutu itachora njia yake ukutani. Mwisho, usitundike kwenye ukuta wa nje wa nyumba ya mawe na chokaa, maana ukuta huo hupumua maji. Weka vipande vidogo vya mbao nyuma ya fremu ili hewa ipite, na uepushe na jua la dirishani.

Bei, arbuni na maandishi

Watu huniuliza bei ya haki ni ngapi. Hakuna moja. Bei hufuata ukubwa, aina ya rangi, idadi ya wanyama, kama kuna mandhari nyuma au ukuta mtupu, na muda. Kinachohitajika ni kujua bei hiyo inajumuisha nini. Fremu imo? Usafiri kutoka Malindi hadi Mombasa umo? Marekebisho mangapi yamo?

Suratul Baqara, aya ya 282, inatuamrisha kuandika tunapodaiana kwa muda. Sisi tunaisoma sana na kuifuata kidogo. Hauhitaji wakili. Karatasi moja, au ujumbe mmoja wa simu ambao kila mmoja ameujibu "nimekubali", unatosha kuwa na haya: jina la mnyama na picha zitakazotumika, ukubwa kwa sentimita, aina ya rangi na kitu kinachochorewa, bei yote, tarehe ya kumaliza, na nini kitatokea ikiwa mmoja atavunja.

Gawanya malipo mara tatu. Tuseme mmekubaliana shilingi 15,000. Toa 5,000 kuwa arbuni, ili anunue vifaa. Toa 5,000 nyingine atakapokuonyesha mchoro wa penseli kwenye kanvasi yenyewe na rangi za kwanza. Iliyobaki utatoa ukipokea kazi mkononi. Ule mchoro wa penseli ndio mahali pa kusema "masikio yako chini mno". Ukingoja rangi zimalizike ndipo useme, umemdhulumu. Na pesa iliyotumwa kwa simu ikishatolewa na mpokeaji, kuirudisha ni safari ndefu, kwa hivyo usitume yote mwanzo hata akikupunguzia bei.

Kuna jambo la sheria ambalo wengi hawalijui. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, hakimiliki ya kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Maana yake, kama mchoraji anataka kuichapisha sura ya punda wako kwenye fulana za watalii, ni lazima liwe katika makubaliano. Na wewe mchoraji, kama unataka kubaki na haki ya kuionyesha kazi yako au kuichapisha kadi, liandike mwanzo. Usije ukashtuka baadaye.

Kuijua kazi bandia

Ile hila iliyompata yule mama wa mtaani kwetu si ngumu kuigundua ukijua pa kutazama. Shika mchoro karibu na dirisha uuinamishe ili mwangaza upite juu yake kwa ubavu. Rangi ya kweli ina vilima na mabonde yanayofuata umbo: kilima cha manyoya kiko pale manyoya yalipo. Kazi iliyochapishwa kisha ikapakwa gundi ina mikwaruzo isiyohusiana na picha. Brashi imepita huku, sharubu ziko kule. Chukua kioo cha kukuzia. Ukiona vidoti vidogo vidogo vya rangi vilivyopangika, hiyo ni mashine. Geuza nyuma na utazame kingo pia. Mchoraji wa mkono mara nyingi huacha alama za rangi pembeni.

Siku hizi kuna na akili mnemba. Mtu huitia picha ya paka wako kwenye programu, ndani ya dakika moja inatoka "mchoro wa mafuta", anauchapisha, anakuuzia. Kinga ni ile ile: omba video fupi ya kazi ikiendelea, kanvasi na brashi na mkono wake katika picha moja, kwenye hatua mbili au tatu. Anayefanya kazi kweli hili halimsumbui. Na kama mtu anakwambia wazi kwamba anachapisha kwa mashine na bei yake ni ya mashine, huyo hajakudanganya. Ubaya ni kuuza nazi kwa jina la tende.

Neno kwa wateja, na neno kwa wachoraji

Kwa mteja: ukimpata mzuri, mlipe bila kumkwamua roho. Tunalipa elfu kadhaa kwa keki itakayoliwa dakika kumi, kisha tunamwambia kijana aliyekaa siku nane na sharubu za paka, "Hii ni penseli tu, nipunguzie." Penseli ni tu, miaka ya kujifunza si tu. Vijana wa pwani wenye mikono ya kipawa huishia kupaka kuta kwa ujira wa siku kwa sababu sisi wenyewe hatuwaagizi. Tunamngoja mgeni amsifu ndipo tumjue.

Kwa mchoraji: ukweli wako ndio duka lako. Sema "hii siwezi" pale usipoweza. Weka tarehe utakayoitimiza, na ukichelewa kwa ugonjwa au msiba, piga simu kabla hujapigiwa. Weka rundo la kazi zako pamoja na picha ulizozitumia. Mji wetu ni mdogo, habari za mchoraji mmoja mwaminifu hutembea kwa mguu mpaka Vanga.

Na kama umesoma mpaka hapa na huna nia ya kuagiza mchoro wowote, chukua walau hili moja. Punda na paka hawaishi muda mrefu kama sisi. Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, mkalishe mlangoni umpige picha tatu nzuri. Mchoraji unaweza kumtafuta hata mwaka ujao, lakini picha ni lazima zipigwe yeye akiwapo.